Mpanda Jiwe Hushuka: Kupanda Mawe Misitu ya Stockholm Bila Kuvunjika

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tukiliona huku ughaibuni tunacheka na kupita: watu wazima, wengine na mvi zao, wanaoingia msituni na magodoro mgongoni kwenda kupanda mawe. Mimi pia nilicheka. Halafu nikajaribu, nikapenda, na mwisho nikavunjika mguu. Kwa hiyo haya nayaandika kwa kuyaishi, si kwa kuyasoma tu.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimebeba maboksi ghalani miaka tisa, mgongo umekakamaa kama ubao na tumbo limetangulia mbele. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mswidi, akanichukua siku moja kwenda kwenye mawe. Nikaenda naye mara nne, mgongo ukaanza kulegea na usingizi ukarudi. Mara ya tano nikajiona nimeshakuwa fundi, nikaenda peke yangu, Jumapili moja ya Oktoba, jioni. Jiwe lenyewe halikuzidi mita 3. Nilifika juu vizuri kabisa, nikapiga picha ya kutuma nyumbani. Kugeuka nishuke, naona upande wa nyuma umefunikwa na majani laini ya kijani yaliyoloa, giza linaingia, na njia ya kushukia sikuwahi kuitazama. Nikaruka. Kifundo cha mguu kikalia kama ukuni mkavu. Nilisaidiwa na mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake, la sivyo ningelala pale.

Wiki sita sikubeba boksi, na ada ya shule ya mdogo wangu haikwenda muhula ule. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sisi tunaotegemewa nyumbani tukianguka, hatuanguki peke yetu.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Basi na mpanda jiwe naye hushuka, na swali la afya ni moja tu: atashukaje? Ukilishika hilo, mchezo huu utakufaa sana. Ukilisahau, yatakukuta yaliyonikuta.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Huitwa boldaringi. Ni kupanda mawe au miamba mifupi, kwa kawaida mita 2 hadi 4, bila kamba. Badala ya kamba, unatandika chini godoro maalumu la kuangukia. Hakuna mashindano ya lazima wala sare. Kuna jiwe, wewe, na njia unayoitafuta kwa mikono na miguu.

Usitegemee kuona hapa milima kama Usambara au Meru. Stockholm haina mlima. Ina miamba ya itale na naisi iliyosuguliwa na barafu. Katika enzi ya barafu nchi hii yote ilifunikwa na barafu nene mno, iliyotembea polepole ikibomoa miamba na kubeba vipande vyake. Ilipoyeyuka hapa, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, ikaacha mawe makubwa yamekaa msituni kama yamesahauliwa. Waliokulia Mwanza watasema, mbona kama kwetu! Kwa macho yanafanana, ila mawe ya Mwanza yalichongwa papo hapo na jua, mvua na miaka, wakati mengi ya huku yaliletwa na barafu. Watoto wa Mwanza hupanda mawe yao tangu wadogo bila kujua kwamba kuna watu wanauita mchezo.

UNASAIDIA NINI MWILINI?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na zaidi ya hapo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Wengi wetu tunadhani kutembea kwenda kituoni kunatosha. Kutembea ni kuzuri, lakini hiyo sehemu ya pili, ya misuli, ndiyo tunayoikosa.

Kupanda jiwe kunatumia mgongo, mabega, tumbo, mapaja na vidole kwa wakati mmoja. Kunafundisha mwili kukaa sawa usiyumbe, jambo la maana hasa unapovuka miaka 40. Tena kunatuliza akili. Ukiwa umeshika jiwe huwezi kuwaza barua ya kodi ya nyumba. Na kwa kuwa watu huenda wawili watatu, unapata mtu wa kuzungumza naye. Upweke wa huku, tusidanganyane, ni ugonjwa nao.

Kama una uzito mkubwa, sukari, presha au huzuni ya muda mrefu, ujue pia kwamba hapa Uswidi mhudumu wa afya mwenye leseni anaweza kukuandikia mazoezi kama anavyokuandikia dawa. Wenyewe wanaita Fysisk aktivitet på recept. Muulize kwenye vårdcentral yako, atapanga na wewe mazoezi yanayokufaa kabla hujafika kwenye mawe.

MAWE YAKO WAPI?

Chama cha wapandaji cha nchi hii, Svenska Klätterförbundet, kilichoanzishwa mwaka 1973, kina mwongozo wa bure kwenye intaneti unaoitwa Sverigeföraren. Humo utaona maeneo ya kupanda, namna ya kufika, na muhimu zaidi, masharti ya kila eneo. Baadhi ya miamba hufungwa ndege wanapotaga na kulea makinda. Usome kabla ya kutoka nyumbani.

Kwa kuanza, nenda kutazama tu. Anayekaa upande wa Skärholmen au Norsborg yuko karibu na Örnberget. Ni treni ya chini ya ardhi, njia nyekundu, unashuka Mälarhöjden au Bredäng na kutembea kuelekea ziwa Mälaren. Ule mwamba mrefu ni wa watu wenye kamba na ujuzi. Wewe kaa chini uone wanavyoweka miguu na wanavyolindana. Anayekaa Järfälla ana Gåseborg, kilima juu ya Mälaren chenye mabaki ya ngome ya Zama za Chuma. Pale ni mahali pa kumbukumbu panapolindwa na sheria, usiguse wala kupanga upya mawe ya ngome hiyo.

Je, unaruhusiwa kuingia msitu wa mtu? Ndiyo, kwa haki inayoitwa allemansrätten, yaani haki ya kila mtu kutembea porini, haki ambayo tangu mwaka 1994 imetajwa kwenye katiba ya nchi. Huhitaji kuwa raia wala kulipa kiingilio. Lakini ina adabu yake, usisumbue na usiharibu. Usikaribie nyumba za watu, usivuke mashamba yaliyopandwa, usiache taka. Usiwashe moto juu ya mwamba, maana mwamba hupasuka kwa joto na hauponi tena. Mafiga yetu tuyaache nyumbani. Na kwenye hifadhi za taifa na maeneo yaliyohifadhiwa kuna kanuni za ziada, zisome kwenye ubao pale mlangoni.

SIKU YA KWANZA: ZUNGUKA KWANZA

Ukifika kwenye kikundi kidogo cha mawe, usirukie la kwanza unaloliona. Fanya hivi:

1. Lizunguke jiwe lote. Tafuta njia ya kushuka kwa miguu, upande wenye mteremko au ngazi ya asili. Ipande na kuishuka hiyo kwanza. Jiwe lisilo na njia rahisi ya kushuka si jiwe lako mwaka huu.

2. Tazama pa kuangukia. Je, kuna mizizi, kisiki, jiwe dogo lenye ncha? Kama godoro halikai sawa, hama.

3. Gusa jiwe. Likiwa limeloa, acha. Majani yale laini ya kijani yakiloa huteleza kuliko sabuni. Usiyabandue jiwe zima ili upate njia, maana huchukua miaka mingi kuota, na wenye msitu huona na kukasirika.

4. Gonga pale unapotaka kushika. Kipande kinacholia kama kitu chenye uwazi ndani kinaweza kung'oka nawe.

5. Tazama saa. Mwezi wa Desemba Stockholm ina mwanga wa saa 6 tu kwa siku, mwezi wa Juni zaidi ya saa 18. Oktoba hudanganya, unaanza na jua na kumaliza gizani. Weka saa ya kuondoka na uifuate.

6. Usiende peke yako. Hili sitaki hata kulijadili.

Mwezi wa kwanza chagua mawe ambayo ukisimama chini mikono yako inafika juu au karibu na juu. Hakuna aibu. Mwenzangu yule, aliyepanda miaka 20, hupasha mwili moto kwenye mawe ya namna hiyo hiyo.

JIFUNZE KUANGUKA

Majeraha mengi ya mchezo huu hayatokani na kupanda bali na kutua: vifundo vya miguu, magoti, viwiko na viganja. Kwa hiyo zoezi lako la kwanza ni kuanguka. Simama juu ya kitu cha nusu mita, tua kwenye godoro kwa miguu miwili iliyoachana kidogo, kunja magoti, kisha jiachie ukae na kubingirika kwa mgongo. Mikono ikumbatie kifua. Kosa la kila mgeni ni kupeleka mikono nyuma ili ajizuie, na hapo ndipo viganja na viwiko huvunjika.

Mwenzako asimame nyuma yako mikono ikiwa juu. Kazi yake si kukudaka kama mtoto, utamuumiza. Kazi yake ni kuuelekeza mwili wako utue kwenye godoro, miguu ikitangulia, kichwa kikiwa salama. Asiongee na simu wakati huo.

Kama godoro ni ghali, kumbi za ndani zina sakafu laini na hukodisha viatu. Mwajiri wako akitoa fedha za mazoezi, friskvårdsbidrag, muulize kama unaweza kuzitumia huko. Wengi wetu tunaziacha zipite kila mwaka. Miezi miwili ukumbini, halafu msituni, ni mpango mzuri kuliko wangu.

VIDOLE, PUMZI NA NGOZI

Misuli hupata nguvu upesi, lakini kano za vidole huchelewa sana. Ndiyo maana mtu wa mwezi wa tatu hujiona simba na hapohapo kidole kinatoa mlio na kuvimba. Panda mara 1 au 2 kwa wiki, pumzika siku mbili katikati, na ukisikia maumivu ya kidole, acha siku hiyo hiyo. Haraka haraka haina baraka.

Usibane pumzi unapojivuta, kwani kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Toa pumzi kila unapofanya nguvu.

Ngozi nyeusi kwenye baridi kavu hupauka na kupasuka. Paka mafuta ukishamaliza, si kabla, la sivyo utateleza. Ukichubuka, osha kwa maji na sabuni, kisha funika. Kama una asili ya makovu yanayovimba, usipuuze vidonda vidogo, na usiendelee kupanda kidonda kikiwa wazi. Uliza pia mara ya mwisho ulichanjwa lini pepopunda. Wengi tuliokuja wakubwa hatuna hata kumbukumbu ya chanjo hiyo, na udongo wa msituni unaingia kwenye vidonda.

KUPE, ADUI MDOGO KULIKO WOTE

Nyumbani tulizoea kupe wa ng'ombe. Kupe wa huku, fästing, anakaa kwenye majani na anapenda sana eneo la Stockholm na visiwa vyake. Huamka joto linapofika nyuzi 5 hivi, kwa hiyo ni kuanzia majira ya kuchipua mpaka vuli. Anaweza kuleta magonjwa mawili ya kujua.

La kwanza ni TBE, virusi vinavyoshambulia ubongo. Halina dawa ya kuliponya lakini lina chanjo. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya mwezi 1 hadi 3, kisha ya tatu, na wenye miaka 50 na zaidi hushauriwa dozi moja ya ziada. Kama utaingia msituni mara kwa mara, kachanjwe kabla ya msimu.

La pili ni borelia, la bakteria. Halina chanjo hapa, ila hutibika kwa antibiotiki. Dalili yake ya kawaida ni baka linalotanuka kuzidi sentimita 5, siku kadhaa au wiki kadhaa baada ya kuumwa. Sikilizeni vizuri hapa. Picha nyingi za vipeperushi zinaonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo huenda usionekane kabisa. Linaweza kuonekana kama baka jeusi zaidi, la zambarau au kama alama ya kujigonga. Kwa hiyo usisubiri wekundu. Tazama baka linalokua, na ukienda kwa daktari sema wazi kwamba ulikuwa msituni.

Kila ukirudi, oga na ujikague: kwapani, kinena, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio, mpaka wa nywele. Mwombe mwenzako akutazame mgongoni. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu. Usimpake mafuta wala kumchoma moto. Ukimtoa mapema, hatari ya borelia hupungua sana. TBE haisubiri, ndiyo sababu ya chanjo.

NANI AMWONE DAKTARI KWANZA?

Mwenye presha isiyotulia, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na mwenye mifupa dhaifu. Mwenye kisukari anayetumia insulini awe na kitu cha sukari mfukoni na mwenzake ajue. Mwenye selimundu aongee na daktari wake kwanza, kwa sababu baridi, kiu na kazi ya nguvu vinaweza kuamsha maumivu. Akiruhusiwa, avae joto, anywe maji mengi na apande kidogo. Mama mjamzito aache mchezo wa kuanguka mpaka ajifungue. Kutembea msituni kunamfaa zaidi.

UKIUMIA

Kifundo kikipinda, kifunge bandeji kwa kukibana, kiinue juu, usilazimishe kutembea. Kama huwezi kutembea hatua nne, au mfupa unauma ukiubonyeza, unahitaji kupigwa picha. Piga 1177 uulize uende wapi, ni simu ya ushauri wa afya saa zote. Akianguka kwa shingo au mgongo, akazimia, au mfupa umetokeza, usimsogeze kama hakuna hatari nyingine pale. Mfunike asipoe na piga 112. Weka kwenye simu programu ya 112, maana ukipiga kupitia hiyo huwatumia mahali ulipo, na msituni hakuna jina la mtaa. Simu ikae mwilini mwako au kwa mwenzako. Yangu ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa upande wa pili wa jiwe.

Na kama unafanya kazi za kuitwa kwa saa, uliza mapema haki yako ya malipo ya ugonjwa ikoje. Usingoje kuuliza ukiwa na plasta mguuni kama mimi.

KWA KUMALIZIA

Ndugu msomaji, sikuandika haya kukutisha. Mguu wangu umepona, na nimerudi kwenye mawe. Sasa tunakwenda watatu, na mwanangu wa miaka tisa anatufuata na chupa ya chai. Tukifika, yeye ndiye anayetangulia kulizunguka jiwe, kisha anarudi na kututangazia: "Njia ya kushuka ipo!" au "Hili hapana, baba." Akisema hapana, tunahamia jingine.

Jumamosi ijayo, hata kama hutapanda, toka. Chukua koti, chai ya tangawizi na mwenzako mmoja. Nenda ulizunguke jiwe moja tu. Mazoezi hayo peke yake yanatosha kwa siku ya kwanza.

Tukutane tena katika safu yetu. Nawatakia afya njema, na mshuke salama.